Midomo Saba ya Mzee Kobe

Kabla sijaingia kwenye mazungumzo ya leo naomba uweke kidole juu ya midomo yako, kama mtu anayemnyamazisha mtoto, halafu useme nami polepole: a, e, i, o, u. Rudia tena. Kwenye a mdomo unaachama. Kwenye e unapungua kidogo. Kwenye i midomo inatanuka kuelekea mashavuni na meno yanachungulia. Kwenye o inakuwa mviringo, na kwenye u inachongoka mbele kama ya mtu anayepuliza moto jikoni. Sasa sema "mama". Umeona inavyofumba, ikaachama, ikafumba, ikaachama? Mwisho sema "fifia". Hapo meno ya juu yamegusa mdomo wa chini.

Tumepata midomo saba. Mitano ni ya irabu, mmoja ni wa kufumba kwa ajili ya m, b na p, na mmoja ni wa meno kugusa mdomo kwa ajili ya f na v. Kwa midomo hiyo saba, iliyochorwa mara moja tu, nimemwona kobe wa katuni akizungumza Kiswahili mbele ya watoto wa darasa la pili, na watoto wakamjibu kwa sauti ya darasa zima. Kobe yule hakutoka studio yoyote. Alitengenezwa ndani ya PowerPoint, programu ile ile unayoiona kwenye semina ikionyesha slaidi za bajeti. Leo nataka nikueleze alivyotengenezwa, maana naamini wapo walimu na vijana wengi wenye hadithi nzuri kichwani ambao wamekaa wakisubiri vifaa ambavyo kwa kazi hii hawavihitaji.

Mambo yalianza hivi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, alitaka katuni ya dakika moja ya kufundishia kujumlisha. Akaenda kuulizia mahali wanapotengeneza matangazo ya televisheni. Bei aliyotajiwa ilikuwa mshahara wake wa miezi kadhaa. Simlaumu aliyetaja bei ile, kwa sababu kazi yenyewe ni nzito. Filamu hupita mbele ya macho yetu kwa picha 24 kila sekunde. Hata mchoraji akibana matumizi, kila mchoro akauacha ukae kwa picha mbili, bado anahitaji michoro 12 kwa sekunde moja, na dakika moja inakula michoro 720. Hiyo ni mikono ya watu, ni siku nyingi za kuinama mezani. Mwalimu akaja kwangu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniambia, "Mdogo wangu, mimi studio sina. Nina kompyuta ya kuandikia mitihani. Tufanye nini?" Tukaifungua kompyuta ile. Ndani tulikuta programu ya kuandikia barua, ya mahesabu na ya slaidi. Tukaishika ile ya slaidi.

PowerPoint haikuzaliwa ili ichezeshe katuni. Iliandikwa na kina Robert Gaskins na Dennis Austin katika kampuni ndogo ya California iliyoitwa Forethought, ikatoka Aprili 1987 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, ikiwa ya rangi nyeusi na nyeupe tu. Kazi yake ilikuwa kuandaa kurasa za kuonyeshea mikutanoni, zile zilizokuwa zikichapwa kwenye plastiki angavu na kumulikwa ukutani. Mwaka huohuo Microsoft ikainunua kampuni kwa dola milioni 14. Uwezo wa kuliamuru umbo lifuate njia uliyoichora mwenyewe ulikuja baadaye sana, katika toleo la 2002, na tangu hapo ukurasa wa slaidi ukawa jukwaa kwa anayetaka kulitumia hivyo.

Wapo watakaosema kuwa kufanya sanaa kwa chombo cha ofisi ni kubahatisha. Ningependa hao watazame picha za Tatsuo Horiuchi wa Japani. Mzee huyu alipokaribia kustaafu alitaka kuchora, akaona programu za kuchorea ni ghali, lakini Excel, ile ya majedwali ya hesabu, tayari ilikuwa ndani ya kompyuta. Akachora kwa Excel. Amechora milima, mito na miti ya maua kwa mistari na maumbo ya programu ya mahesabu, na picha zake zimeonyeshwa na kusifiwa. Anayezitazama haulizi zimechorwa kwa programu gani mpaka aambiwe.

Sasa turudi kwa kobe. Kwa nini kobe, wakati hadithi zetu zimejaa sungura na fisi? Sungura anaruka, masikio yanacheza, manyoya yanatikisika, mgongo unapinda na kunyooka. Kila anapohama mwili wote unabadilika umbo. Kobe, gamba lake halipindi. Ukishalichora limechorwa. Kinachobaki ni shingo, kichwa, miguu na kijimkia. Mwenye chombo kidogo huchagua mhusika anayelingana na chombo chake, na hili si jambo la kuonea haya. William Hanna na Joseph Barbera, wale waliowaleta duniani Tom na Jerry, walipohamia kwenye televisheni mwishoni mwa miaka ya 1950 walikuta fedha ni kidogo na muda ni mfupi. Mtazame dubu wao, Yogi, utamwona amevaa kola na tai. Kola ile ilificha mahali kichwa kinapoungana na kiwiliwili, hivyo waliweza kukiacha kiwiliwili kimetulia na kuchora upya kichwa peke yake. Gamba la kobe wetu lilitufanyia kazi ileile.

Kabla ya kugusa kompyuta nilikwenda kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Zanzibar, kuwatazama kobe wakubwa ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Nilikaa chini kabisa, macho yangu yakiwa sawa na magamba yao, nikaandika kila nilichokiona. Kobe hatangulizi mguu. Hutanguliza shingo. Shingo inatoka, inasimama, kichwa kinapima upande mmoja, na hapo ndipo uzito unapoanza kuhama. Mguu wa mbele wa kulia huondoka karibu pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha hufuata jozi nyingine, kwa mshazari. Na kati ya hatua na hatua kuna kitambo ambacho gamba linashuka kidogo, kama mtu aliyebeba gunia anavyotua pumzi. Kushuka kule kudogo ndiko kulikompa kobe wetu uzito. Tulipokuwa hatujakuweka alionekana anateleza juu ya ardhi kama sahani juu ya meza iliyolowa.

Kumchora hakukuchukua muda. Gamba ni yai lililokatwa nusu, na kichwa ni yai zima. Macho ni duara ndani ya duara. Shingo ni mstatili uliolainishwa pembe. Miguu ni minne, na juu ya macho tuliweka nyusi mbili nyeupe, kwa sababu mwalimu alimtaka awe mzee. Kila kipande tulikipa jina lake: mguu wa mbele kulia, kope ya kushoto, mdomo wa o. Mwenye haraka huruka hatua hii, lakini ukifika kwenye vipande 30 na kompyuta inakuorodheshea umbo la 17 na umbo la 23, utarudi mwenyewe kutoa majina. Shingo tuliichora ndefu na kuiweka nyuma ya gamba. Ikitakiwa kutoka, tunaisogeza mbele pamoja na kichwa. Ikitakiwa kuingia, inarudi nyuma ya gamba na kupotea.

Mguu ndio uliotusumbua. Katika programu hii kuna amri ya kuzungusha, imeandikwa Spin, na tuliufunga mguu kwa amri hiyo tukitegemea utabembea kutoka begani. Tukabofya. Mguu ukazunguka kutoka katikati yake, ncha ya juu ikiacha bega na kwenda mbele, ncha ya chini ikienda nyuma, kama panga la pangaboi. Sababu ni kwamba programu huzungusha kila umbo kwa kulishika kitovuni, na kitovu cha mguu kiko gotini. Hakuna mahali pa kuiambia ishike begani.

Dawa yake ninayo, na naomba yeyote mwenye kalamu aiandike. Nakili ule mguu. Geuza nakala nusu mzunguko ili unyayo wake utazame juu. Iunganishe na mguu wa kwanza, bega kwa bega, hata ule mmoja uwe unashuka na huu mwingine unapanda, kama picha ya mfalme kwenye karata, kichwa kimoja juu na kingine chini. Sasa iondolee nakala ile rangi na iondolee mstari, isionekane kabisa. Halafu zifunge zote mbili ziwe kundi moja. Kitovu cha kundi hilo kiko wapi? Kiko palepale zinapokutana, begani. Amuru kundi lizunguke nyuzi 20 mbele, lirudi lenyewe, na lirudie mpaka slaidi iishe. Mguu unabembea kutoka begani kama mguu wa kiumbe hai, na ule mwenzake anayepanda juu anabembea naye bila kuonekana na mtu. Mkono wa kupunga, mkia wa mbwa, tawi la mnazi kwenye upepo, taya la mamba, vyote vinafungwa kwa njia hii.

Nilipomwonyesha mwalimu alicheka kwa furaha akasema, "Kumbe ni kama midoli ya maboksi." Alisema kweli kuliko alivyodhani. Mjerumani Lotte Reiniger alikata watu wa karatasi nyeusi kwa mkasi, akafunga viungo vyao kwa vipande vya waya, akawalaza juu ya kioo chenye taa chini yake, akawa anawasogeza kidogo kidogo na kuwapiga picha moja moja. Kwa miaka mitatu hivi alitengeneza filamu nzima ya Mwanamfalme Achmed, iliyotoka 1926, ikiwa na visa vya Alfu Lela Ulela, hadithi ambazo wasomaji wa Kiswahili tumekua nazo. Wahusika wake ni vivuli vyenye viungo. Kobe wa kwenye slaidi ni wa ukoo huo. Waya wa Reiniger kwetu umekuwa ni kile kipande kisichoonekana.

Upo mtego mmoja kwenye programu hizi. Zimejaa vionjo vilivyo tayari: herufi zinadunda, picha zinaingia kwa kuruka, vitu vinazunguka na kutawanyika. Viache. Vilitengenezwa kwa ajili ya vichwa vya habari, na mhusika akiingia kwa kudunda anageuka kuwa kichwa cha habari. Unahitaji vitu vichache tu, yaani kusogea kwenye njia, kuzunguka, kutokea na kutoweka. Na katika kila mwendo tafuta mahali pa kuuambia uanze taratibu na uishe taratibu, kwa sababu hakuna kiungo cha mwili kinachoanza kwa kasi kamili wala kusimama ghafla. Wachoraji wawili wa Disney, Frank Thomas na Ollie Johnston, walipoandika kitabu chao cha 1981 kuhusu kanuni 12 za kuhuisha katuni, jambo hili waliliweka kati ya kanuni hizo. Nyingine ni ile ya kujiandaa: kabla ya kwenda mbele, mhusika avute nyuma kidogo. Kobe wetu, kabla ya kutoa shingo, huiingiza kidogo ndani. Ni sehemu ndogo ya sekunde, lakini watoto huwa wameshajua kwamba kuna jambo linakuja.

Na anaponyamaza, asife. Katuni iliyosimama kabisa huonekana imeganda, na watoto huangalia nje dirishani. Kope zake zishuke na kupanda baada ya sekunde tatu au nne, tena zisifuate kipimo kimoja kila mara.

Sasa tufike kwenye mdomo, kwa sababu ndipo Kiswahili kilipotuonyesha neema yake. Wachoraji wa Marekani wamekuwa na chati ya midomo tangu miaka ya 1940, na iliyo maarufu zaidi ni ya Preston Blair, aliyewahi kuchora katuni za Disney. Chati hiyo ina midomo kama kumi, imepangwa kwa sauti za Kiingereza. Mwenye kuitumia hawezi kufuata tahajia, kwa sababu Kiingereza huandika hivi na kutamka vile. Lazima asikilize kila neno na kuamua. Kiswahili kimeandikwa kama kinavyosemwa. Irabu zake ni tano, na silabi nyingi mno huishia kwenye irabu. Sauti kama k, t, r, s na l zinafanyika ndani ya kinywa, huku midomo imeshaanza kujipanga kwa irabu inayofuata. Kwa hiyo ukiwa na maandishi ya hadithi mkononi, tayari unayo ramani ya mdomo.

Tuchukue salamu: "Habari za asubuhi." Ha, mdomo wa a. Kabla ya ba, ufumbe, halafu a tena. Ri, mdomo wa i. Za, mdomo wa a, na "a" inayofuata haihitaji kitu, ule ule unaendelea kukaa. Su, mdomo wa u. Ufumbe kwa ajili ya b, kisha u. Hi, mdomo wa i. Hesabu: a, kufumba, a, i, a, u, kufumba, u, i. Mara tisa umebadilisha mdomo, lakini midomo uliyotumia ni minne tu. Salamu nzima ya Kiswahili, midomo minne! Na kama hadithi yako ina dhahabu na thelathini nyingi, ongeza mdomo wa nane, wa ulimi kati ya meno. Sisi hatukuuongeza, na hakuna mtoto aliyeuulizia.

Namna ya kuifanya ni hii. Midomo yote saba iweke mahali pamoja usoni, mmoja juu ya mwingine. Rekodi sauti kwanza. Nasisitiza, sauti kwanza, michoro baadaye. Sisi tulirekodi kwa simu, mwalimu akiwa amejifunika kanga mbili ili chumba kisirudishe mwangwi. Sikiliza ile sauti mara nyingi, andika kwenye karatasi kila silabi inatokea sekunde ya ngapi na sehemu ya ngapi. Kisha kila mdomo upe saa yake ya kutokea na saa yake ya kutoweka. Wachoraji wa siku nyingi huuleta mdomo kabla ya sauti yake kwa picha moja au mbili, na kwenye programu ya slaidi hilo ni kama sehemu nne hadi nane za mia za sekunde. Fanya hivyo. Ukiweka mdomo na sauti sawasawa, kobe huonekana amechelewa kusema.

Jambo lingine tuligundua tukiwa katikati ya kazi. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Asubuhi, mkazo uko kwenye bu. Karibu, uko kwenye ri. Tukajaribu kuinua nyusi za kobe kila mkazo ulipoangukia neno lenye uzito. Hakuna aliyetufundisha. Lakini tulipozirudisha slaidi mwanzo na kuzitazama, yule mzee alikuwa anaongea kama mtu wa nyumbani. Niliyaonea haya machozi yangu, lakini sikuyazuia.

Watoto wetu wengi wamekua wakitazama katuni zinazosema Kiswahili kwa midomo ya lugha nyingine. Sauti ni "njoo", mdomo unafanya jambo tofauti kabisa. Wamezoea, hawalalamiki. Ndiyo maana nafurahia kazi zilizotengenezwa huku kwetu. Ubongo Kids, iliyoanza kuonekana mwaka 2014, imetengenezwa Dar es Salaam, na watoto wanafundishwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Nairobi nako kulitengenezwa Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa 2010 na kuchukua mtindo wake kutoka kwa picha za Edward Saidi Tingatinga. Wale ni mafundi wenye studio na nyenzo, na sitaki mtu adhani kuwa slaidi zinaweza kushindana nao. Ninachosema ni kwamba kuna hadithi ambazo studio hazitazifikia kamwe: hadithi ya kijiji kimoja, lahaja ya kisiwa kimoja, somo ambalo mwalimu mmoja anajua darasa lake halijalielewa. Hizo zinahitaji mtu aliye karibu nazo na kompyuta iliyo karibu naye.

Kisha liko jambo moja ambalo slaidi inalifanya na filamu haiwezi. Slaidi inasubiri. Mwaka 1914 Mmarekani Winsor McCay alichora dinosaria jike aitwaye Gertie, akapanda naye jukwaani. McCay mwenyewe alisimama mbele ya watu akiwa na mjeledi, Gertie akiwa kwenye pazia nyuma yake. McCay anamwamuru ainame, naye anainama. Anamtupia tufaha, Gertie analidaka. Watu walishangaa kwa sababu katuni ilikuwa inamsikia mtu. Lakini filamu haikuwa inamsikia. McCay ndiye aliyepaswa kwenda na mwendo wake, kwa kipimo kilekile kila usiku. Mwalimu wetu hana shida hiyo. Mzee Kobe anauliza, "Wajukuu zangu, tatu na nne ni ngapi?" Halafu anasubiri, anapepesa macho tu. Anaweza kusubiri dakika nzima. Mwalimu anazunguka darasani, anawatazama wale wa nyuma ambao huwa hawanyooshi mkono. Wanapolipata jibu, na wote wanapiga kelele "Saba!", mwalimu anabofya, shingo inatoka, nyusi zinapanda, na mzee anasema, "Saba! Sawasawa." Mimi nilikuwa nimekaa kwenye dawati la mwisho. Mtoto aliyekuwa mbele yangu aligeuka akaniambia kwa kunong'ona, "Amenisikia."

Kwa wenye kutaka kujaribu, nina maonyo machache tu. Matoleo mapya ya PowerPoint, kuanzia lile la 2019, yana kitu kiitwacho Morph. Unachora kobe katika hali moja kwenye slaidi ya kwanza na katika hali nyingine kwenye ya pili, na programu yenyewe inajaza mwendo wa katikati. Ni kizuri na kinaokoa muda, lakini tulipoipeleka kazi yetu kwenye kompyuta ya zamani ya shule, mwendo wote ulipotea, picha ikawa inafifia na nyingine kutokea. Tukarudi kwenye kuzungusha na kusogeza, amri za zamani zinazofanya kazi kila mahali. Asiye na uwezo wa kununua programu atumie LibreOffice, ambayo ni ya bure na amri hizo inazo. Midomo usiitembeze: slaidi moja iwe ya kutoa shingo, slaidi inayofuata ianze shingo ikiwa imeshatoka na mdomo uanze kusema, la sivyo itakubidi uisogeze midomo yote saba pamoja na kichwa. Na kabla ya kugawa kazi kwa simu, igeuze iwe video. PowerPoint inafanya hivyo yenyewe.

Mwalimu sasa anamtengenezea Mzee Kobe mjukuu, wa kufundishia kutoa. Yeye mwenyewe ndiye anayechora. Mimi ananiita tu panapokwama.

Msikilizaji wangu, nimesema kwamba sauti hutangulia, na hapo ndipo naomba uanzie. Kuchora kunaweza kusubiri mwezi ujao, hata mwaka ujao, na kijana wa stesheneri ya mtaani kwako anaweza kukusaidia. Lakini kama nyumbani kwenu yupo bibi au babu anayejua hadithi ambayo hujaisoma kwenye kitabu chochote, usisubiri. Jioni ya leo mkalishe mahali penye utulivu, zima redio hii, weka simu karibu naye, na umwache asimulie mpaka mwisho bila kumkatiza. Ihifadhi sauti hiyo mahali pawili.